Barua kwa somo yangu: bajeti iliyokwama kwa kura 64 kwa 64

Edinburgh

Somo yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote walioko nyumbani, na nakupongeza kwa kazi mpya katika bunge la kaunti. Umeniuliza iwapo mjadala wa mazingira katika bunge la ugatuzi una uzito wowote, ilhali fedha nyingi hugawiwa kutoka juu. Nitakujibu kwa habari za Bunge la Uskoti, ambalo nimelifuatilia tangu nihamie huku, na hasa za mwaka 2009, kwa sababu mwaka huo bunge hilo lilipiga kura mbili ambazo hadi leo sioni namna ya kuzipatanisha.

Bunge hili lilianza kazi mwaka 1999 na lina viti 129. Sehemu kubwa ya fedha zake hutoka London kwa kanuni iitwayo ya Barnett: England ikiongeza matumizi ya shule au hospitali, Uskoti hupata nyongeza kwa uwiano wa idadi ya watu, na England ikibana, Uskoti nayo hubanwa. Tena mswada wa bajeti hauwezi kufanyiwa marekebisho na mbunge wa kawaida. Serikali pekee ndiyo yenye haki hiyo. Kwenu wajumbe wanaweza kubadilisha makadirio, mradi nyongeza ya fungu moja ifidiwe kwa kupunguza fungu jingine. Hapa mbunge asiyeridhika hana silaha ila kuukataa mswada mzima, na ndiyo maana mabishano yenye maana hufanyika kabla kikao hakijaanza, katika ofisi ambazo wananchi hawaingii.

Sasa fikiria hali ya Januari 2009. Chama cha SNP, kinachodai uhuru wa Uskoti, kilikuwa kinatawala kwa viti 47 tu, na waziri wa fedha, John Swinney, alilazimika kuokota kura moja moja. Chama cha Kijani kilikuwa na wabunge wawili, Patrick Harvie na Robin Harper, nao walidai pauni milioni 100 kila mwaka, kwa miaka 10, za kuziwekea nyumba vizuizi vya kuhifadhi joto, mtaa kwa mtaa, bila kumtoza mwenye nyumba. Dai hilo halikuwa la ajabu. Mambo mengi ya nishati yako mikononi mwa London, lakini kuwahimiza watu wapunguze nishati wanayotumia ni kazi ambayo Uskoti imekabidhiwa, na mtu aliyewahi kupitisha majira ya baridi katika nyumba kuukuu za mawe za mji huu anajua fedha za kupashia joto zinavyopotelea hewani. Serikali ilitoa ahadi ya pauni milioni 22, kisha dakika za mwisho ikapandisha hadi milioni 33. Wale wawili wakakataa.

Kura zikawa 64 kwa 64. Spika, Alex Fergusson, alipaswa kuamua, na kwa desturi kura ya Spika hulinda hali iliyopo, hivyo bajeti ya nchi nzima ikaanguka. Wengi waliwalaumu Wajani, yaani wale wa Chama cha Kijani, kwamba wameiteka mishahara ya wauguzi na walimu kwa ajili ya dari za nyumba. Mimi naona lawama hiyo iliwapita wengine waliostahili zaidi, kwani vyama vya Labour na Liberal Democrats navyo vilipiga kura ya hapana, tena kwa wingi. Wiki moja baadaye bajeti ilirudi, Labour wakiwa wameahidiwa nafasi za mafunzo ya kazi kwa vijana, ikapita kwa kura 123 dhidi ya 2. Wawili waliopinga ni Wajani walewale.

Ajabu ni kwamba mwezi Juni wa mwaka huohuo wabunge walewale waliipitisha sheria ya mabadiliko ya tabianchi bila hata mmoja kupinga. Sheria hiyo iliagiza gesi joto zipunguzwe kwa asilimia 42 ifikapo 2020 na asilimia 80 ifikapo 2050, zikilinganishwa na kiwango cha 1990. Lengo halikumgharimu mtu kitu siku ya kura, kwa hiyo lilipata wapenzi kila upande wa ukumbi. Fedha za kulifikia ndizo zilizokosa wenyewe. Mwaka 2019 wakaongeza tena, wakalenga asilimia 75 ifikapo 2030, na Aprili 2024 serikali ikakiri kwamba lengo hilo halifikiki. Ndani ya mwezi huo ushirikiano wa SNP na Wajani ulivunjika, Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya Uskoti, Humza Yousaf akatangaza kujiuzulu, na aliyeshika nafasi yake akawa Swinney yuleyule. Novemba mwaka huo bunge likabadilisha sheria, likaachana na malengo ya kila mwaka na kuweka bajeti za kaboni, yaani vikomo vya gesi joto, za miaka mitano mitano.

Usidhani kwamba wabunge wachache hawapati kitu. Katika mapatano ya bajeti ya 2020, Wajani walipata usafiri wa basi bila nauli kwa vijana, mpango uliopanuliwa baadaye na kuanza Januari 2022 kwa wote walio chini ya miaka 22. Dai lile lilikuwa na umri wa wanufaika na fungu lake, na waziri hakuwa na pa kulikwepea.

Kwa kamati yenu ningependekeza jambo moja kutoka katika ile sheria ya 2009: serikali huwajibika kuambatanisha na bajeti taarifa inayoeleza matumizi yaliyopendekezwa yatazalisha gesi joto kiasi gani. Taarifa hiyo haimzuii waziri kujenga barabara, ila humlazimu aseme mapema, naye mjumbe hupata karatasi ya kumhoji. Sikia pia wenzenu wa Makueni, ambao waliunda hazina ya tabianchi ya kaunti kwa kanuni za 2015, kabla ya kaunti nyingine. Ukipata nakala ya kanuni hizo nitumie, pamoja na makadirio yenu ya mwaka huu, nami nitayasoma na kukuandikia maswali ambayo ningemuuliza waziri wenu wa fedha.

Wako daima,
Somo wako