Siri za wateja si za kuwekwa status

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kuna makaunsela hapa Kenya wanaposti stori za wateja wao TikTok na kwa status, eti jina wameficha, lakini wanataja mtaa, kazi, ako na watoto wangapi na bwana alitoroka lini, sasa hapo jirani atakosa kumjua aje? Inaniuma sana. Mtu amelia mbele yako akijua maneno yanaishia hapo hapo. Sheria ya makaunsela na wanasaikolojia tunayo tangu 2014, na ile ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kama data nyeti, kwa hivyo hii si adabu tu.

Ni kweli kuna wakati siri lazima itoke, kama mteja amesema ataua mtu fulani. Kule Marekani mahakama ya juu ya California iliamua kwa kesi ya Tarasoff 1976 kwamba mtaalamu ana jukumu la kumlinda anayetishiwa. Lakini hata hapo unaambia wanaohusika, si dunia nzima, na mteja aelezwe mipaka hiyo mapema kabla hajaanza kufunguka. Wenzangu, ulizeni leseni kabla hamjalipa.

Msomaji, Nakuru