Kibofu cha mzee

Mtwara, Jumapili usiku

Ndugu yangu,

Assalam alaikum, vipi huko Lindi, shemeji na watoto wazima? Meseji yako niliiona juzi, ile unauliza eti operesheni ya tezi dume ya mzee wangu imefeli manake umesikia bado anaamka usiku, nikaona nisikujibu kwa mkato, jambo lenyewe limenikaa kichwani na mzee wako naye ana shida hiyohiyo ya tezi dume.

Haijafeli. Mpira wa mkojo umetolewa, mkojo unatoka vizuri, ila kibofu chenyewe ndo bado. Usiku namshika mkono tunaenda chooni, anakojoa kwenye kikombe cha plastiki chenye mistari, mi naandika kwenye daftari la mwanangu: saa 7 mili (mililita) 90, saa 8 na nusu mili 110, saa 10 mili 80. Na kibofu cha mtu mzima kinabeba hadi mili 400, 500. Wiki ya pili akakaa pembeni ya kitanda akaniambia mwanangu, wamenikata bure. Iliniuma sana aisee.

Tuliporudi kliniki daktari akageuza bahasha ya ultrasaundi akanichorea. Ukuta wa kibofu ni misuli, tezi ikibana njia ile misuli inasukuma kwa nguvu miezi na miaka mpaka inanenepa, kama mikono ya wale vijana wanaobeba magunia ya korosho ghalani. Sasa mtu ataona hiyo ni nguvu, kumbe ndani protini zinabadilika. Nikaenda kusoma mwenyewe kwenye simu mpaka usiku wa manane. Kuna protini inaitwa maiosini, ndo inayofanya misuli ikaze, kwenye utafiti kwa sungura waliobanwa njia ya mkojo ile aina ya kukaza haraka inapungua, ya polepole inaongezeka, yaani kibofu kinabana matumizi kisiishiwe nguvu, kinasukuma taratibu na mkojo mwingine unabaki ndani. Halafu protini nyingine, kolajeni, inajaa katikati ya misuli. Si unajua ile kano kwenye nyama ya ng'ombe unayotafuna mpaka taya zinachoka, kwa sehemu kubwa ndo kolajeni hiyo, na kovu nalo ni hiyohiyo. Kibofu kikijaa hiyo hakitanuki tena, mkojo kidogo tu presha inapanda, na ikipanda sana inaenda kuumiza figo.

Njia ikifunguliwa sasa. Kwa panya uzito wa kibofu unapungua ndani ya wiki chache, misuli inasinyaa, lakini kolajeni nyingine inabaki palepale. Na kuna protini inayokuza neva, njia ikibanwa inaongezeka na neva za kibofu zinakuwa kubwa, zinashtuka kwa kitu kidogo, na wale panya walioendelea kukojoakojoa hata baada ya kufunguliwa ilikutwa bado iko juu. Hapo ndo nikamwelewa mzee wangu. Hajidekezi, na waliomfanyia hawakukosea.

Nilimweleza kwa mfano wa ile kano, akanyamaza, akauliza kwa hiyo kitarudi? Nikamwambia kiasi kitarudi baba, miezi kadhaa, ila sio lazima chote. Nikamsihi asijinyime maji mchana kutwa kama alivyokuwa anafanya, apunguze jioni tu, na chai ya usiku aache.

Sasa huyo mzee wako anayesema ngoja tuuze korosho kwanza. Anasimama chooni dakika ngapi? Ukiona anakamua, au anasema amemaliza halafu anarudi papo hapo, ujue kibofu kinanenepa kila siku anayosubiri, na dawa zipo, sio lazima kisu. Na siku mkojo ukigoma kabisa usimchemshie mizizi, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Nauli ya kuja huku kama ni tatizo niambie, nalipa mimi, alale hapa kwetu na mzee mwenzie waongee wenyewe.

Jana usiku kaamka mara mbili. Saa 8 mili 190, saa 11 mili 210. Ameniomba daftari ajisomee mwenyewe.

Ni mimi ndugu yako