Programu za zamani za BASIC zigeuzwe kuwa maandishi mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wote waliohifadhi programu za zamani za BASIC, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wazigeuze kuwa maandishi ya kawaida sasa, wakati kompyuta na programu zinazoweza kuzisoma zingali zinapatikana.

Hivi karibuni mwalimu aliyenifundisha zamani alinikabidhi disketi yenye programu za hesabu alizowaandikia wanafunzi wake. Nilipojaribu kuzifungua kwa QBasic, toleo la BASIC lililotolewa na Microsoft pamoja na mfumo wa kuendeshea kompyuta wa MS-DOS 5.0 mwaka 1991, baadhi zilifunguka bila taabu na nyingine zikakataa kabisa, ingawa majina yote yaliishia kwa .BAS. Jina, kwa hiyo, halikuambii faili imeandikwa kwa toleo gani, na wengi wanaokutana na hali hii hudhani kwamba faili imeharibika, wakaifuta.

Mara nyingi haijaharibika. GW-BASIC, toleo la BASIC lililotangulia QBasic, usipoiagiza vinginevyo, haihifadhi maneno kama ulivyoyaandika, bali hugeuza kila neno la amri kuwa namba ili kubana nafasi: PRINT, kwa mfano, huwa baiti moja tu yenye thamani ya 145, na faili nzima hutanguliwa na baiti ya 255. QBasic husoma maandishi tu, hivyo namba hizo haizielewi hata kidogo. QuickBASIC 4.5, toleo jingine la Microsoft, nayo ina muundo wake wa kufungua faili haraka, ambao matoleo hayo mawili hayawezi kuusoma.

Dawa yake ni kurudi kwenye toleo lililoiandika faili. Ndani ya GW-BASIC nilichapa LOAD "HESABU", kisha SAVE "HESABU2",A, na ile herufi A baada ya mkato ndiyo iliyofanya kazi yote, kwani huagiza programu ihifadhiwe kwa maandishi. Tafadhali tumieni jina jipya kama nilivyofanya, ili faili ya awali ibaki salama. Mwenye QuickBASIC achague kuhifadhi kwa maandishi pale anapoipa faili jina.

Kufunguka, hata hivyo, si kufanya kazi. Amri kama MERGE na DEF USR, zilizokuwamo katika GW-BASIC, hazimo katika QBasic, na mistari yenye amri hizo itabidi iandikwe upya kwa mkono.

Kilichonisikitisha zaidi ni faili moja iliyohifadhiwa kwa herufi P, yaani imefungwa: GW-BASIC inakubali kuiendesha, lakini inakataa kuonyesha mistari yake au kuihifadhi kwa maandishi. Mwalimu wangu amekwenda kulitafuta daftari alimoiandika mara ya kwanza, na akilipata nitaichapa upya kuanzia mstari wa 10.

Wako,
Msomaji wa gazeti hili