Lami inapanda, nyumba za Ngamiani zinazama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme habari ya ngazi tatu. Zilikuwa mbele ya nyumba yetu hapa Ngamiani, jijini Tanga, za kushukia kutoka barazani hadi barabarani. Leo haipo hata moja. Hakuna aliyezibomoa. Barabara imepanda, ikazimeza.

Nyumba aliijenga marehemu baba mwaka wa Uhuru, 1961, kwa ujira wa kubeba marobota ya katani bandarini. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi huku: vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, ukumbi katikati, ua nyuma wenye jiko na choo, baraza mbele. Kuta ni boriti za mikoko na fito, zikajazwa mawe na udongo, juu zikapigwa lipu ya saruji. Kwa asiyeijua Tanga, Ngamiani ndipo jiji linapokwenda kulala. Ng'ambo ya reli kuna maofisi, maduka na bahari. Huku kwetu ni barabara zilizonyooka zenye namba badala ya majina, kuanzia ya kwanza hadi kupita ya ishirini. Mgeni hahitaji kibao. Ukitaja Barabara ya 12 watu wanajua ni kwa timu ya mpira ya African Sports, ukitaja ya 11 ni kwa wapinzani wao Coastal, na mazungumzo yanaweza kuharibika hapo hapo.

Ngazi zenyewe nazikumbuka kwa sababu ya mpira. Mwaka 1988, Coastal Union walipochukua ubingwa wa Bara, Ngamiani ilifurika watu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini, mtoto mgongoni, nikapanda ngazi ya juu kabisa kuangalia. Nilikuwa naona utosi wa watu. Mwanamume mrefu aliyepita mbele yangu, kofia yake ilinifika kifuani. Mtoto yule niliyembeba sasa ana watoto wake, na akija kunisalimu anateremka kuingia ndani. Anateremka, Mhariri, kutoka barabarani kuingia nyumbani kwa babu yake.

Ngazi ya kwanza ilikwenda siku walipoleta kifusi na kushindilia, wakamwaga lami. Tulishangilia, sitaficha. Vumbi lilikuwa limetuchosha, na mimi nauza mbaazi za nazi na mahamri barazani kila asubuhi, kwa hiyo vumbi nilikuwa nalipika. Wenye baiskeli walifurahi kuliko wote, na Tanga nani hana baiskeli? Ngazi ya pili ilikwenda miaka kadhaa baadaye, lami ilipochakaa. Hawakuikwangua ile ya zamani. Walimwaga kifusi kingine juu yake, wakashindilia, wakaweka mpya. Ya tatu ilichukuliwa na mtaro. Wamejenga mtaro wa zege mzuri kwa macho, lakini ukingo wake umeipita sakafu ya ukumbi wangu kwa shubiri moja na vidole vinne. Nimepima mwenyewe kwa mkono, kisha mjukuu akapima kwa futi, akapata inchi kumi na mbili kasoro kidogo.

Sasa hebu fikirieni. Mtaro kazi yake ni kupokea maji. Maji ya paa langu na ya uani kwangu hayawezi kuupanda ukingo yakaingia mtaroni, basi yanabaki kwangu. Mtaro nao ukijaa chupa za plastiki na maganda ya machungwa, maji ya mtaa mzima yanavuka ukingo na kushukia kwangu. Masika iliyopita niliamka usiku nikakuta ndara zinaelea ukumbini. Mpangaji wangu wa chumba cha mbele, fundi cherehani, aliinua mashine yake akaiweka kitandani, yeye akakesha amesimama. Mwezi uliofuata alihama. Simlaumu.

Wenye nyumba mpya za tofali hawanielewi sana. Kwao maji yakiingia wanapiga deki. Nyumba ya boriti na udongo ina mambo yake. Maji yakikaa mguuni mwa ukuta siku mbili tatu, udongo unakunywa, lipu inavimba na kutoa ungaunga mweupe kama chumvi, kisha inabanduka. Ukigusa boriti kwa chini unakuta imekuwa laini. Ukuta unaanza kufa kutoka miguuni, juu bado unaonekana mzima. Kwenye barabara yetu peke yake nahesabu nyumba tano zilizobomolewa kwa sababu hiyo, na watu wanasema tu kwamba zilikuwa nzee. Nzee zilikuwa, lakini zilizamishwa kwanza.

Nilikwenda ofisi inayohusika mara tatu. Mara mbili niliambiwa mwenyewe hayupo. Mara ya tatu nikampata kijana mhandisi, mpole, akanipa kiti. Akanichorea kwenye karatasi. Alisema, "Shikamoo bibi, tatizo Ngamiani ni tambarare. Maji lazima yafuate mteremko hadi kule yanakoishia. Kule chini kalavati la kupitisha maji chini ya barabara liko juu, sasa tukitaka maji yatembee, huku nyuma tunalazimika kupandisha." Nilimwelewa vizuri sana, kuliko alivyotarajia. Nikamuuliza kwa nini wasilichimbe kalavati liende chini, badala ya kutupandisha sisi. Akasema ni gharama.

Sikumjibu pale, maana alinipa kiti. Najibu hapa. Bandari yetu hii ya Tanga, ambayo meli zilikuwa zinasimama mbali na mizigo inafuatwa kwa matishari, wameichimba ikafika kina cha mita 13, na meli sasa zinafunga gatini. Kumbe kuchimba tunajua. Sisi tunaomba futi moja na nusu.

Haki haina upendeleo, nami niseme ya kwetu. Maji yalipoanza kutusumbua, marehemu mume wangu alinunua kifusi tripu mbili akainua ua. Maji yakahamia kwa jirani wa nyuma, ajuza aliyekuwa akiishi peke yake. Yeye hakuwa na pesa ya kifusi. Alikuja kuniambia kwa upole, mimi nikamwambia nitazungumza na mzee, na sikuzungumza. Siku hizi mchezo huo ndio uliotawala. Tangu ianze habari ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, kuja Chongoleani hapa Tanga, wanunuzi wa viwanja wamezidi, na kila anayenunua nyumba ya zamani anaibomoa, anajaza kifusi mpaka avuke barabara, ndipo anapandisha ghorofa. Akimaliza, ua wote anaumwagia zege. Tone lililokuwa likizama chini ya mwembe sasa linamtafuta jirani. Kibali cha ujenzi anacho. Sijasikia kibali hicho kikimuuliza maji yake atayapeleka wapi.

Wapo wanaosema niuze nami niondoke. Dalali mmoja hunipitia kila baada ya wiki mbili, ananunua mbaazi, anakula taratibu huku akizitazama nyufa. Nimemwambia mbaazi tu ndizo zinazouzwa hapa.

Ninachokiomba si kikubwa. Kabla ya kumpa mkandarasi kazi katika kata zetu tatu za Ngamiani, Kaskazini, Kati na Kusini, wahandisi wapite mlango kwa mlango wapime kizingiti cha kila nyumba, na vipimo hivyo viingizwe kwenye mchoro. Mchoro ubandikwe ofisi ya mtaa, tuuone wakati bado ni karatasi. Lami ya zamani ikwanguliwe kabla ya kuweka mpya. Na pale ambapo hapana budi mtaro upande, basi mkandarasi atoboe njia na kuweka bomba la kupokea maji ya kila ua, liwe sehemu ya malipo yake, asituachie tukatoboe zege la serikali usiku kama wezi. Baadhi yetu tumeshatoboa. Sisemi nani.

Nimesikia barabara yetu imo kwenye orodha ya kufanyiwa matengenezo tena mwaka huu. Vigingi vyenye rangi nyekundu vimeshapigwa pembeni, na kilicho mbele ya mlango wangu kina alama iliyo juu ya ukingo wa mtaro. Mwenyekiti wetu wa mtaa nimemwonyesha, akainama, akatazama, akasema "Hii sasa."

Fundi wangu anashauri nipandishe kizingiti kwa tofali mbili kabla masika haijaanza mwezi wa tatu. Lakini ukipandisha kizingiti lazima mlango ukatwe chini, na mlango wa baba ni wa mvule, mbao nzima nzima, umekatwa mara mbili tayari. Mjukuu wangu mkubwa anainama kuingia. Ukikatwa tena, hata mimi nitainama. Fundi alitaka kuja Jumatatu na msumeno. Nimemwambia anisubiri hadi mwisho wa Februari, nione kama mwenye vigingi atapita kunieleza ile alama nyekundu maana yake nini. Niko barazani kila siku tangu alfajiri. Chai na mahamri nitampa bure.

Mama wa Barazani,
Ngamiani, Tanga