Jani Moja Latosha

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kwamba nawe umeazimia kupanda bustani ndani ya kioo. Ila lile la kwenda Amani, kule milimani Usambara, kung'oa maua ya zambarau msituni, shoga, naomba uliache kabisa. Sababu utaiona mbele. Kwanza tuitengeneze chupa.

Ile chupa yako ya achari inafaa. Ioshe mpaka harufu ya siki iishe. Chini tia kokoto kimo cha vidole viwili, maji ya ziada yapate pa kutuama, mizizi isioze. Juu yake chenga za mkaa, kisha udongo mweusi mwepesi. Mchanga wa pwani usiutie, una chumvi. Mbolea pia usitie, maana hatutaki mimea irefuke ikagonga kifuniko. Panda kangaga ndogo na kuvumwani, vile vinavyoota kwenye kuta mbichi karibu na kisima. Mshubiri hapana; huo hupenda ukavu.

Kazi yenyewe iko kwenye maji. Nyunyiza kidogo, funga, halafu jifunze kukisoma kioo. Unyevu hupanda kutoka udongoni na majanini, ukikuta kioo hugeuka matone, matone yakarudi chini, na mimea ikanywa tena yale yale. Asubuhi ukiona umande na mchana umekauka, kiasi ni hicho. Kioo kikitiririka kutwa, fungua kwa saa kadhaa. Kikikaa kikavu siku nyingi, ongeza maji ya mvua kijiko kimoja kimoja. Mwanga upate, jua lisipige: kaskazi hii, chupa iliyofungwa ikikaa juani, mimea hupikika. Jani likifa litoe upesi, lisilete kuvu.

Mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alifunga chupani bundo la nondo, yule mdudu kama kipepeo, kabla hajaota mabawa, na kwenye udongo ule ikachipua kangaga. Mwaka 1833 akasafirisha mimea mpaka Sydney ndani ya makasha ya kioo, ikafika hai baada ya miezi baharini.

Sasa hayo maua yako ya zambarau. Ni ya kwetu hasa. Mjerumani aliyekuwa mtawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao, na mwaka 1893 yakapewa jina la Saintpaulia kwa ajili yake. Leo yamejaa madirishani Ulaya, na huku kwetu baadhi ya aina zimebaki kwenye miamba michache tu yenye kivuli, na misitu inazidi kukatwa. Linaniuma hilo. Shina moja uking'oa, huenda umemaliza jamii nzima ya mwamba ule.

Wala hakuna haja. Ninalo moja la bustanini, lililozalishwa kwa vipandikizi. Nitakukatia jani na kikonyo chake, nilifunge kwa pamba iliyoloweshwa, nimpe binamu yangu anayekuja Bagamoyo wiki ijayo. Lichomeke kimshazari kwenye mchanga wa mtoni wenye unyevu, lifunike na glasi. Vumilia miezi miwili mitatu, vimea vichanga vitatokea kwenye kikonyo. Vikikua vipe chupa yao, na hiyo usiifunike, kwa sababu majani yenye manyoya huoza yakilowa.

Ukikosa mchanga wa mtoni niambie mapema, nimpe na huo.

Wasalimie wote nyumbani.

Shoga yako,
Zuhura