Barua kwa Rashidi kuhusu nyumba ya Mbagala

Mpendwa Rashidi,

Natumaini wewe na shemeji hamjambo. Nasi huku tu wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa kuwa unataka kutoa fedha ya jasho la miaka mingi, nimeona nikujibu kwa maandishi badala ya simu.

Umesema nyumba ya vyumba 4 inauzwa shilingi milioni 45, kila chumba hupangishwa kwa 80,000 kwa mwezi, na utakopa milioni 20 kwenye SACCOS yenu ili pango liurejeshe mkopo kwa miaka 5. Chukua karatasi, ndugu yangu. Vyumba vyote vikijaa utapata 320,000 kwa mwezi, ilhali marejesho, kabla hata riba haijaongezwa, yanapita 333,000. Mshahara wako ndio utakaoilipia nyumba, si wapangaji. Nami sijawahi kuona mwaka ambao vyumba vyangu vilijaa miezi yote 12: mpangaji huhama, chumba hupakwa rangi, dalali hutafuta mwingine, na mwezi umekwisha. Mimi huhesabu miezi 10, kisha katika hiyo natenga sehemu ya tano kwa matengenezo. Kwa nyumba hiyo utabakiwa na wastani wa 213,000 tu kwa mwezi.

Hilo la matengenezo nililijua kwa machungu. Mwaka wangu wa kwanza wapangaji wawili walinilipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, nami nikaiona ni fedha yangu, nikanunua vigae vya sebule yangu. Masika yalipofika, shimo la choo lilijaa, maji yakarudi hadi kwenye korido, wapangaji wakawa wanakanyaga matofali kwenda bafuni, na mimi sina hata fedha ya gari la majitaka. Tangu siku hiyo kodi ya miezi 6 naichukua ya mwezi mmoja mmoja, na iliyobaki siigusi.

Kwa hiyo usilipe kabla hujaiona nyumba hiyo mvua ikinyesha. Tazama alama za maji ukutani, funua mfuniko wa shimo, fungua bomba asubuhi na jioni, na uwaulize wapangaji wenyewe wanalipa kiasi gani, maana dalali hutaja bei anayoitamani. Angalia pia kama kila chumba kina mita yake ya LUKU, kwa sababu ugomvi wa umeme kwenye mita moja huwahamisha hata wapangaji wema.

Barua ya serikali ya mtaa peke yake isikutoshe. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, ujue mmiliki aliyeandikishwa ni nani. Kama muuzaji anaishi humo na mkewe, mke aridhie kwa maandishi, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya wanandoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Kama ni ya mirathi, muuzaji awe msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa tu.

Kwangu mimi, mkopo usizidi milioni 10, hata kama ni kungoja mwaka mmoja zaidi ujazie akiba. Jumamosi sina kazi. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, nipigie alfajiri twende tukaione pamoja.

Wako akupendaye,
Hamisi