Batiki zitundikwe kwenye kamba, si ukutani

Mhariri,

Kila Sabasaba inapofunguliwa kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, vibanda vya nguo za mkono hujaa. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na waandaaji wa maonyesho, yale makubwa na yale ya wilayani. Ombi letu ni kwamba batiki zisipigiliwe ukutani wala kufungiwa kwenye fremu ya kioo. Zitundikwe kwenye kamba katikati ya banda, watu wapite mbele na nyuma, na waruhusiwe kushika.

Kazi ya fundi wa batiki husomeka upande wa nyuma. Michoro huchorwa kwa nta ya moto inayozuia rangi isiingie kitambaani. Nta yenye moto wa kutosha huzama hadi upande wa pili, na pale ilipopita kitambaa hung'aa kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Ikiwa imepoa hukaa juujuu, nyeupe kama maziwa, na rangi hupenya chini yake. Ua likaonekana safi kwa mbele, nyuma limejaa madoa. Ndani ya fremu kasoro hiyo hufichika, na fundi mwenzake akipita hana namna ya kumwambia aongeze moto.

Kugeuza nguo kunamlinda mnunuzi pia. Vitambaa vilivyochapwa kiwandani kwa mfano wa batiki huuzwa meza moja na vya mkono. Kigeuze: mara nyingi rangi ya nyuma imefifia. Kisha fuata kwa kidole mistari ya nyufa, pale rangi ilipopenya nta iliyopasuka. Kama ni cha mashine, utakutana na ufa uleule kila baada ya hatua ileile. Nta iliyovunjwa kwa mkono haipasuki namna moja mara mbili.

Pili, kila nguo iwe na kikaratasi kinachotaja kitambaa, mchanganyiko wa nta, aina ya rangi, na imetiwa nta mara ngapi. Bei na jina la kikundi havitoshi. Mafundi tukikutana tunaulizana hayohayo. Parafini tupu hukauka ikabanduka nguo ingali kwenye beseni. Nta ya nyuki hushika vizuri lakini haipasuki kirahisi. Sehemu 2 za parafini kwa 1 ya nta ya nyuki ni mwanzo mzuri, na anayetaka nyufa nyingi huongeza parafini.

Kwenye rangi ndiko makosa yalikojaa. Kipimo kilichozoeleka kwa rangi za vati, zile zinazogeuka zikipata hewa, ni kijiko 1 cha rangi, 1 cha kostiki soda na 2 vya haidrosalfaiti, unga unaoisaidia rangi kuyeyuka na kupenya kitambaa, ingawa rangi nyingine hudai zaidi. Huyeyushwa kwa maji ya moto, kisha huongezwa maji ya baridi mpaka beseni liwe vuguvugu tu, kwa sababu parafini nyingi huyeyuka kati ya nyuzijoto 50 na 65. Wanaoanza huharakisha, michoro ikatoweka, wakalaumu nta. Kosa jingine ni kopo la haidrosalfaiti kuachwa wazi. Hunyonya unyevu wa hewa, ikapoteza nguvu, na rangi isigeuke ndani ya beseni. Nguo inayotoka kwenye beseni ikiwa tayari na rangi yake ya mwisho ina shida: inapaswa kutoka na rangi nyingine, kisha ibadilike mbele ya macho inapopata hewa. Isipobadilika, ufuaji wa kwanza utaondoka nayo. Na kitambaa chenye mchanganyiko wa poliesta hakitashika sawasawa hata vipimo viwe sahihi; choma uzi mmoja, ukiacha punje ngumu kama plastiki, kitafute kingine.

Tatu, itengwe kona yenye jiko, na kwa muda wa saa 2 asubuhi, kabla ya umati, mafundi wafanye kazi pamoja. Pawe na mfuniko wa sufuria na ndoo ya mchanga. Nta ikishika moto hufunikwa; maji huulipua na kuutawanya. Kostiki soda ndiyo hutiwa kwenye maji, kidogokidogo, kwa glavu. Maji hayamwagwi juu yake. Beseni liwe la plastiki, maana sufuria ya alumini huliwa na kostiki soda.

Kwa mafundi wenzetu: pamoja na nguo za kuuza, leteni vipande vilivyoharibika, vile ambavyo nta ilibanduka au rangi ilikataa. Viwekwe mezani kwenye kona hiyo. Kipande chenye doa kinachoshikwa na mikono ya mafundi watano hupata jibu haraka.

Na mgeni aje na kitambaa cheupe kilicholowa. Akiomba kusugua pembe ya nguo aone kama rangi inatoka, asikataliwe.

Watengenezaji wa batiki,
Dar es Salaam